Sema Ukiwa Wewe: Mwongozo Kamili wa Kutumia Mbinu za Jukwaani Unapozungumza Mbele ya Watu

Wengi wanaojaribu kuboresha uzungumzaji wao hukwama mahali pamoja. Wameambiwa wajiamini, wanyooke, watabasamu, watazame watu machoni. Wanayafanya yote hayo, na bado msikilizaji anahisi kama kuna mtu mwingine anayezungumza kwa kinywa chao. Sauti imepanda, Kiswahili kimegeuka cha taarifa ya habari, mikono inainuka na kushuka kwa mpangilio waliofunzwa wakighani mashairi kwenye tamasha za shule.

Tatizo ni kwamba wameiga umbo la msemaji na kuiacha kazi anayoifanya. Mwigizaji aliyefunzwa vizuri haanzi na umbo. Huanza kwa kuuliza: niko wapi, niko na nani, nataka nini kwake, na sasa hivi ninamfanya nini ili nikipate? Sauti na mikono huja baadaye, na huja zenyewe. Ndiyo maana naamini mafunzo ya jukwaani yanamfaa mweka hazina wa chama, mwalimu, daktari na anayekwenda kuhojiwa kazi kwenye ofisi za Upper Hill, Nairobi, kuliko orodha yoyote ya vidokezo vya kujiamini.

Tenga wiki mbili, nusu saa kwa siku. Usiruke hatua, hasa ya 4 na ya 5. Wanaoniambia kwamba mbinu hizi hazikuwasaidia, karibu wote walizipita hizo mbili mbio wakakimbilia sauti.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Jambo moja halisi la kusema, lenye tarehe. Usifanyie mazoezi hotuba ya kubuni. Chukua mahojiano ya Jumanne ijayo, ripoti ya mradi, neno la shukrani kwenye harusi ya dada yako, au ombi kwa mwenye nyumba. Katika mwongozo huu nitatumia mfano mmoja: mweka hazina wa chama cha akina mama cha kuchanga na kukopeshana pesa, huko mtaa wa Umoja, anayetaka waliokopa warudishe pesa kabla ya Januari.

Simu yenye kinasa sauti. Video hatutaihitaji.

Daftari na penseli. Utaandika na kufuta sana.

Mtu mmoja wa kufanya naye mazoezi. Asiwe bosi wako, wala mtu unayemwogopa.

Mahali pa kupaza sauti. Kwa anayekaa bedsita, yaani nyumba ya chumba kimoja, yenye kuta nyembamba hili ni gumu kuliko yote. Kanisa au ukumbi wa mtaa huwa mtupu siku za kazi, na ukiomba kwa heshima utaruhusiwa. Gari lililoegeshwa pia linafaa. Bustani ya miti ya Arboretum asubuhi na mapema ina njia za kutosha za kutembea huku ukizungumza, na hakuna atakayekushangaa.

Kitabu kizito na chupa ya maji.

Kioo weka kando. Najua wengi wameshauriwa kujitazama kiooni wakisema, lakini kioo hukufundisha kujichunga wewe mwenyewe, na kujichunga ndiko kunakoua uzungumzaji wa kweli. Kazi yote inayofuata ni ya kuhamisha macho yako kutoka kwako kwenda kwa mwingine.

## Hatua ya 1: Nasa sauti zako mbili

Jirekodi dakika mbili ukisema jambo lako kama ungelisema leo mbele ya watu. Kisha mpigie rafiki, ukiwa umewasha kinasa sauti upande wako, umsimulie kitu kilichokuudhi au kukufurahisha juma hili. Mwambie kwamba unarekodi.

Sikiliza zote mbili siku hiyo hiyo. Andika tofauti bila kujihukumu: ni ipi yenye sauti ya juu zaidi? Ni wapi unameza mwisho wa sentensi? Ni wapi unapumua? Maneno gani yapo kwenye ya kwanza ambayo huwezi kuyatumia na rafiki yako hata siku moja?

Kwa nini: watu wengi hawajui kwamba wana sauti ya mkutano. Mpaka uisikie ikiwa kando ya sauti yako ya kila siku, utaendelea kuamini kwamba ndivyo unavyozungumza.

Dalili kwamba umefaulu: unaweza kunyooshea kidole sekunde ambayo sauti ya mkutano inaingia. Mara nyingi ni kwenye salamu.

## Hatua ya 2: Fungua mwili na pumzi

Lala chali sakafuni, magoti yakiwa yameinuka na nyayo chini. Weka kile kitabu tumboni, chini kidogo ya mbavu. Vuta pumzi kwa pua, kitabu kiinuke na kifua kitulie. Toa pumzi kwa sauti nyembamba ya "sss" iliyo sawa, bila kutetereka. Anza na sekunde 12, uongeze taratibu kwa siku kadhaa hadi ufike 20 au zaidi.

Kisha simama. Miguu iwe sawa na upana wa nyonga, magoti yasikazwe. Inua mabega hadi masikioni, uyaachilie. Legeza taya mpaka meno yaachane, upitishe ulimi polepole kuzunguka fizi. Sasa guna, "mmm", ukiwa na kiganja kifuani, usikie mtetemo. Ukishausikia, fungua mdomo uhesabu kutoka moja hadi kumi kwa sauti hiyo hiyo.

Kwa nini: woga hukaza tumbo, mabega na taya. Pumzi ikibaki juu kifuani, sauti hupanda na sentensi hukatika kabla ya maana kutimia. Huwezi kuiamuru sauti itulie, lakini misuli unaweza kuilegeza.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mgeni kutoka Pwani asishangae pumzi yake ikiwa fupi siku za kwanza. Januari na Februari hewa yetu ni kavu. Kunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi badala ya kumaliza chupa nzima mlangoni. Chai nzito ya maziwa waigizaji wengi huiacha mpaka baada ya onyesho, kwa sababu huwaachia koo zito.

Onyo: ukisikia kizunguzungu, acha, upumue kawaida. Mwenye pumu asishindane na saa. Koo likiuma, hupaswi kuendelea. Sauti inayotoka vizuri haiumizi.

Dalili ya kufaulu: unasema sentensi ndefu ya jambo lako kwa pumzi moja, na neno la mwisho linasikika sawa na la kwanza.

## Hatua ya 3: Andika mazingira

Konstantin Stanislavski, mwelekezi wa Kirusi aliyeshiriki kuanzisha jumba la maigizo la Moscow mwaka 1898, aliwataka waigizaji wake wajue hali zote zinazomzunguka mhusika kabla ya kufungua mdomo. Fanya hivyo hivyo kwa mkutano wako. Jibu kwa maandishi:

Nani atakuwepo, kwa majina? Wametoka wapi dakika kumi zilizopita? Wanajua nini tayari? Wanaogopa nini nikianza kuzungumza? Ni saa ngapi, na wana njaa? Nani amekaa karibu na mlango kwa sababu anataka kuondoka mapema?

Mweka hazina wetu aliandika hivi: "Jumapili saa tisa. Wametoka kanisani, wengine bado wana viatu vya kubana. Chai iko jikoni. Wawili kati ya waliokopa watakuwepo, wa tatu atatuma ujumbe kwamba mtoto ni mgonjwa. Wanaogopa nitawataja kwa majina."

Hiyo sentensi ya mwisho inabadilisha hotuba nzima. Asingeijua, angeanza na majina.

Dalili ya kufaulu: umegundua angalau kitu kimoja ambacho hukuwa umekifikiria, na kimekulazimisha kubadilisha mpango.

## Hatua ya 4: Taja unachotaka kwao

Andika sentensi moja inayoanza na "Nataka wao wa…" na uimalize kwa kitendo ambacho macho yanaweza kukiona.

"Nataka waelewe hali ya kifedha" haitoshi, kwa kuwa huwezi kumwona mtu akielewa. "Nataka kila aliyekopa ataje kiasi na tarehe kabla hatujanywa chai" inatosha. Kwa anayekwenda kuhojiwa: "Nataka jopo liniulize swali la pili kuhusu ule mradi wa maji." Kwa anayetoa shukrani harusini: "Nataka shangazi zangu wamwinukie bibi harusi."

Kwa nini: ukiwa na lengo la aina hii, unakuwa na sababu ya kuwatazama watu. Unawatazama kuona kama wanakaribia kulitimiza. Ule ushauri wa "tazama watu machoni" hauna sababu hiyo ndani yake, ndiyo maana anayeufuata huishia kuangaza macho ukumbini bila kumwona mtu.

Onyo: lengo la "nataka wanipende" au "nataka nionekane nimesoma" litakurudisha kwako mwenyewe kila baada ya sentensi mbili. Ukiliona limejificha nyuma ya lile uliloliandika, lifute uandike upya. Kwa wengine hili huchukua siku nzima, na siku hiyo haijapotea.

## Hatua ya 5: Kila sentensi ipe kitenzi

Hapa ndipo penye utajiri wa ufundi huu. Kabla ya kuandika chochote, nenda steji ya matatu ya Railways katikati ya jiji saa za jioni, usimame kando dakika kumi, umtazame makanga mmoja, yule anayeita abiria, akijaza gari la kwenda Rongai.

Kijana mwenye begi anapita mbio. "Twende, twende, imejaa hii!" Makanga anamharakisha. Sekunde chache baadaye anakuja mama aliyebeba mtoto, na sauti ile ile inashuka: "Kuja mama, kiti cha mbele kiko." Anamtuliza. Mzee anasita, mkono mfukoni. "Mzee wangu, ni hamsini tu, hakuna kuongeza njiani." Anamhakikishia. Watu watatu, vitendo vitatu, katika muda usiofika nusu dakika. Mkono wake uliopiga ubavu wa gari kwa kijana ndio uliopokea mkoba wa mama. Hakupanga ishara yoyote. Alijua tu anamfanya nini kila mmoja.

Sasa rudi kwenye daftari. Igawe hotuba yako katika vipande, kila kipande kiishie pale fikra inapogeuka. Pembeni mwa kila kimoja andika kitenzi cha unachowafanya wasikilizaji: kuwakaribisha, kuwatuliza, kuwaamsha, kuwaonya, kuwasihi, kuwachokoza, kuwapongeza, kuwatia moyo, kuwabana. "Kueleza", "kuzungumzia" na "kugusia" usivitumie kabisa. Vinahusu mada, navyo havimgusi mtu aliyeketi mbele yako.

Ukurasa wa mweka hazina ulikuwa hivi:

> "Akina mama, tulianza na shilingi 200 kila mmoja, tukiwa kwenye veranda ya jirani." *(kuwapongeza)*
>
> "Leo benki ina 43,000. Pesa nyingine, 110,000, ziko mikononi mwetu sisi tuliokaa hapa." *(kuwaamsha)*
>
> "Kuna wanne wanangoja zamu yao, na Januari shule zinafunguliwa." *(kuwasihi)*
>
> "Naomba kila aliyekopa atuambie sasa, kabla chai haijaletwa, atarudisha kiasi gani na lini." *(kuwabana kwa heshima)*

Soma kila kipande kwa sauti mara tatu, kila mara kwa kitenzi tofauti. Sentensi ya pili ikisemwa kwa kuwalaumu, watu watajikunja. Ikisemwa kwa kuwatuliza, watalala. Kuwaamsha ndiko kunakofanya kazi, na hutajua mpaka mdomo ujaribu.

Onyo kuhusu hisia: usijaribu "kuweka hisia". Mwigizaji anayejilazimisha kulia huonekana kutoka viti vya nyuma kabisa, na anayejichoma kwa kumbukumbu ya msiba ambao haujapona anaweza kushindwa kurudi. Stanislavski mwenyewe, katika miaka yake ya mwisho, aliweka mkazo zaidi kwenye vitendo vya mwili kuliko kwenye kuchimba kumbukumbu za uchungu. Ukipewa nafasi ya kusema kwenye mazishi ya mtu wako, shika kitenzi: unamshukuru mjane, unawakumbusha watoto. Machozi yakija, ngoja, pumua, endelea na kitenzi hicho hicho.

Dalili ya kufaulu: rafiki yako akikusikiliza bila kuona daftari, anaweza kukisia vitenzi vyako vingi. Asipoweza, hujafanya kitendo bado. Umesoma tu maneno.

## Hatua ya 6: Ipitishe katika lugha unayowazia

Katika mazoezi ya michezo ya kuigiza, mwelekezi huwaambia waigizaji waache matini kwa muda waseme tukio lile kwa maneno yao wenyewe. Kwa mkazi wa Nairobi zoezi hili lina thamani ya pekee, kwa sababu wengi wetu tunawaza katika lugha moja, tunatania katika ya pili, na tunahutubu katika ya tatu.

Funga daftari. Sema jambo lako lote kwa lugha unayotumia ukiwa umechoka: Kikuyu, Kikamba, Dholuo, Luluhya, Kisomali, Sheng, yoyote ile. Mwambie rafiki mmoja, si umati. Irekodi. Kisha irudishe kwenye lugha ya mkutano ukihifadhi mwendo ulioupata.

Mweka hazina alianza na hii: "Ningependa kuchukua fursa hii kuwajulisha kwamba kumekuwa na changamoto katika urejeshaji wa mikopo." Nilipomwomba aniambie kama angemwambia jirani kibarazani, ikatoka hivi: "Mama Kevo, doh ziko. Ni vile ziko kwetu. Na Janu ndio hiyo inakam." Aliporudi kwenye lugha ya mkutano alisema: "Akina mama, pesa zipo. Ziko kwetu. Na Januari hiyo inakuja." Sentensi fupi tatu, na kila mtu chumbani angegeuza kichwa.

Kwa nini: maneno ya ofisini hukuruhusu kujificha. "Kumekuwa na changamoto" haina mtu ndani yake. Lugha ya nyumbani hulazimisha awepo anayesema na anayeambiwa.

Onyo: lengo si kuhutubu kwa Sheng mbele ya jopo la mahojiano. Unachukua mdundo na uwazi, unaacha msamiati. Wala usikariri maneno uliyoyapata. Kariri mpangilio wa vipande na vitenzi vyake. Aliyekariri neno kwa neno, likipotea moja yanapotea yote.

## Hatua ya 7: Jifunze kupokea, kwa zoezi la kurudia

Mwalimu wa uigizaji wa Marekani Sanford Meisner aliwafunza wanafunzi wake zoezi rahisi sana. Keti ukitazamana na mwenzako. Mmoja ataje anachokiona, mwingine akirudie kutoka upande wake, mpaka kitu kibadilike chenyewe.

— Umekunja mikono.
— Nimekunja mikono.
— Umekunja mikono.
— Nimekunja mikono.
— Umenikazia macho.
— Nimekukazia macho.
— Sasa unataka kucheka.
— Sasa nataka kucheka.

Dakika tatu, kisha mbadilishane. Usibuni kitu cha kuvutia wala usiharakishe. Kazi yako ni kuona na kusema ulichokiona.

Kwa nini: unapozungumza, kichwa chako huwa kinaandaa sentensi ijayo. Zoezi hili linakizuia. Ukilifanya siku kadhaa mfululizo, utaanza kuona mtu wa safu ya pili akikunja uso katikati ya sentensi yako, nawe utaweza kusimama na kumuuliza.

Onyo: msitaje maumbile ya mwili wala mambo ya siri. Mume na mke wasilifanye wakiwa na ugomvi ambao haujaisha.

Dalili ya kufaulu: dakika zinaonekana kuwa fupi, na mmecheka angalau mara moja bila kupanga.

## Hatua ya 8: Pima hadhi yako

Keith Johnstone, aliyefundisha maigizo ya papo hapo London na baadaye Calgary, alionyesha kwamba kila watu wawili wanapokutana, miili yao hupanda au kushuka hadhi. Kichwa kinachotulia hupandisha. Kujigusa uso, kucheka bila sababu na kuanza kila sentensi kwa "samahani" hushusha.

Chukua karata, toa wafalme na wenzao, ubaki na 2 hadi 10. Wewe na mwenzako mvute moja moja bila kuonyeshana. Fanyeni mazungumzo ya kawaida, tuseme kuomba kubadilishiwa zamu kazini, kila mmoja akiwa na hadhi ya karata yake. Mwishoni kila mmoja akisie namba ya mwenziwe. Rudieni kwa karata nyingine.

Kwetu suala hili lina uzito, kwa sababu tumelelewa kujishusha mbele ya wakubwa, na hilo ni jambo jema. Tatizo huja pale heshima inapomeza ujumbe. Kijana anasema, "Samahani mzee, sijui kama ni sawa, ni kitu kidogo tu, labda tungeangalia hilo paa," na paa linaendelea kuvuja. Weka heshima kwenye salamu na kwenye masikio, uzito uweke kwenye ombi: "Habari ya asubuhi, mzee. Asante kwa kunipa nafasi. Paa la darasa la nne linavuja, na naomba tulipange leo." Sema sentensi ya mwisho kichwa kikiwa kimetulia, kisha unyamaze.

Kunyamaza huko ndiko wengi hukuharibu. Wanaomba, kisha wanaongeza maneno kumi ya kujitetea. Hesabu moja hadi tatu kimoyomoyo, ukipumua, ukimtazama. Jibu lake likikawia, lisubiri.

## Hatua ya 9: Fanya mazoezi yenye vizuizi

Augusto Boal wa Brazili, muasisi wa jukwaa la wanyonge, aliwaruhusu watazamaji kusimamisha mchezo, wachukue nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine. Vikundi vingi vya maigizo ya jamii hapa Kenya hutumia mtindo huo mitaani kuzungumzia afya, ardhi na uchaguzi. Utakufaa hata sebuleni.

Alika watu watatu au wanne. Wape nafasi za wasikilizaji wako halisi na uwape siri za kukuzuia: mmoja simu yake italia na ataipokea, mwingine ataingia amechelewa akilalamikia foleni ya Thika Road, wa tatu atasema, "Hayo tulishayasikia mwaka jana", mwenyekiti atatangaza kwamba una dakika mbili badala ya kumi. Stima zikipotea katikati, msisimame.

Yeyote akiona umerudi kwenye sauti ya mkutano, apige kofi moja na kusema "Simama!" Aje mahali pako, ajaribu kipande hicho kwa njia yake, nawe utazame ukiwa umeketi. Kisha rudi ujaribu tena kwa njia yako; si lazima uchukue yake.

Kwa nini: hotuba uliyoifanyia mazoezi kwenye utulivu huvunjika kwa usumbufu wa kwanza. Lengo na vitenzi havivunjiki. Dakika zikipunguzwa, unatupa vipande vya kati na kushika cha mwisho.

Onyo: vizuizi viwe vya kusumbua, visiwe vya kudhalilisha. Anayekuzuia kwa kukukejeli lafudhi yako mwondoe kwenye zoezi.

Dalili ya kufaulu: umekatizwa, ukajibu mtu kwa jina, ukarudi kwenye kipande chako bila kusema "kama nilivyokuwa nikisema".

## Hatua ya 10: Siku yenyewe

Fika mapema. Kwa Nairobi hiyo maana yake ni kuondoka nyumbani ukiwa umehesabu mvua na foleni pamoja. Mtu anayeingia akihema hawezi kutumia lolote kati ya haya.

Tembea ukumbini kabla watu hawajajaa. Keti kwenye kiti cha nyuma kabisa uone watakachokiona wao. Jaribu maikrofoni kwa sentensi yako ya kwanza halisi. "Haloo, moja mbili" haikuambii sauti yako itasikikaje. Projekta ikikataa, usiingoje. Sema.

Tafuta mahali pa faragha, hata chooni, ufanye "sss" tatu, mabega, taya. Soma lengo lako, vitenzi visome mara moja, kisha funga daftari.

Ukisimama, mtafute mtu mmoja na umwambie yeye sentensi ya kwanza mpaka mwisho. Ya pili mwambie mwingine. Mikono iache itafute kazi yenyewe. Ukisahau, nyamaza, vuta pumzi, jiulize unataka nini kwao, na useme sentensi yoyote inayokupeleka huko. Wasikilizaji hawana nakala ya matini yako.

## Hatua ya 11: Kesho yake

Usiulize mtu, "Nilizungumza vizuri?" Atakujibu kwa adabu na hutajifunza kitu. Chagua wasikilizaji wawili, mmoja anayekujua na mmoja asiyekujua sana, uwaulize swali moja: "Jana niliwaomba mfanye nini?"

Wakijibu kwa maneno yanayokaribia lengo lako la hatua ya 4, andika vitenzi vilivyofanya kazi uvitunze kwa safari ijayo. Wakijibu "ulizungumza kuhusu mikopo", mada iliwafika lakini ombi halikuwafika. Rudi hatua ya 5 ukabadilishe kitenzi cha kipande cha mwisho. Wakikusifia sauti na mavazi bila kukumbuka ombi lolote, anza upya kwenye hatua ya 4, na safari hii sentensi ya "Nataka wao wa…" iandike mbele ya mwenzako wa mazoezi, akikukatalia kila neno ambalo macho hayawezi kuliona.